"Hana mkataba, mtolee vyombo nje": acheni kudanganyana, mama zangu

SEHEMU YA 1: USHAURI ULIONIKOSESHA USINGIZI

Nimetoka shifti ya usiku, nimeoga, mwanangu kalala. Na mimi nilitakiwa niwe nimelala sa hivi, lakini kuna kitu kimenikaa kooni tangu juzi, bora nikiteme.

Juzi kwenye kundi letu la kina mama wa mtaani, mama mmoja kijana mwenye mtoto mchanga aliomba ushauri. Kapanga nyumba, maisha yakabana, chumba kimoja akampa dada mwingine ili wasaidiane kodi. Hawakuandikiana chochote, walikubaliana kwa mdomo tu. Sasa yule dada kageuka mzigo. Hachangii umeme, anarudi saa nane usiku na wageni, muziki mpaka alfajiri, mtoto halali. Akauliza: jamani, namtoaje?

Majibu yakaja kama mvua ya masika. "Hana mkataba huyo, mtolee vyombo nje." "Badilisha kitasa akiwa kazini." "Mkatie umeme, ataondoka mwenyewe." "Tafuta vijana wanne, asubuhi moja tu, kazi imeisha." Halafu wakaja na wale wapole: "Mvumilie dada, na yeye ni binadamu, Mungu atakulipa."

Nilisoma nikiwa kwenye daladala, nikatamani kulia. Maana ushauri ule wa kwanza nilishapewa na mimi, na nilibaki kidogo tu niufuate. Na huu wa pili niliufuata miezi mitatu, nikaja kuulipia.

Sasa nasema wazi, na atakayenuna anune: ushauri wote huo ni mbovu. Anayekwambia "mtupe nje" anakudanganya. Anayekwambia "mvumilie tu" naye anakudanganya. Kumtoa mtu nyumbani kwako kuna njia yake. Inachosha, haina raha ya kushangiliwa na mtaa, lakini ndiyo inayokuacha na usingizi wako, hela zako, na mtoto wako salama.

Nitaandika kwa vipande maana mtoto akiamka nitakatisha. Tulieni.

SEHEMU YA 2: YALIYONIKUTA MIMI

Msije mkafikiri nawahubiria kutoka juu mbinguni. Mwaka juzi nilikuwa nimepanga nyumba ya vyumba vitatu huku Mbagala. Baba watoto yuko mkoani kikazi. Mshahara wa nesi mwenye diploma mnaujua, sina haja ya kuutangaza. Baba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye alishachukua mwezi wake. Nikaona chumba cha nyuma kinakaa na mabeseni tu. Nikamuuliza baba mwenye nyumba, akasema "mradi kodi yangu iingie yote". Nikampata dada mmoja kupitia rafiki. Elfu 80 kwa mwezi, kila tarehe moja. Tukapeana mikono, tukacheka, tukala wali. Karatasi? Karatasi ya nini, sisi wanawake kwa wanawake bwana.

Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa raha. Wa tatu, mchango wa umeme ukaanza kuwa "kesho dada nesi". Wa nne, geti likawa linaachwa wazi usiku. Wa tano, wageni na sigara koridoni. Nikisema, ananiitikia "sawa dada", keshokutwa yale yale. Mimi nikawa nameza. Nikajiambia mimi nesi nimezoea watu wagumu, wodini natukanwa kila siku. Kumbe wodini shifti inaisha narudi nyumbani. Nyumbani unarudi wapi?

Ikafika Aprili, tarehe 12, mvua inamwagika. Narudi asubuhi kutoka kazini, nafungua mlango, koridoni kuna moshi mwepesi. Binti anayenisaidia kazi ananiambia mtoto kakohoa usiku kucha. Nikaenda chumba cha nyuma nikagonga. Yule dada anafungua macho mekundu, analalamika kichwa kinamuuma. Ndani kuna jiko la mkaa na sufuria ya maharage. Kainjika usiku, kafunga dirisha kwa ajili ya mvua, kafunga mlango, kalala.

Mama zangu, hapa acheni nivae sare yangu kidogo. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Damu yako inaishika kwa nguvu kuliko inavyoishika oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Na ule usingizi ndio hatari, maana aliyelala hajui kwamba anakufa. Yule dada alikuwa na bahati kwamba mlango wake ulikuwa na uwazi chini. Ule uwazi uliomwokoa yeye ndio uliokuwa ukipitisha moshi kwenda kwa mwanangu.

Nikamfungua mtoto kifua, nikahesabu pumzi dakika nzima. 58. Ana miezi saba. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 na kuendelea kwa dakika ni pumzi ya haraka, na mwenye kikohozi na pumzi ya haraka tunamhesabu ana nimonia mpaka ithibitike vingine. Nikageuza pale pale, sare sijavua, nikarudi hospitali na mwanangu mgongoni. Akaandikiwa amoksilini ya kuyeyusha ya siku tano, akapona. Siwezi kuapa kwamba ni moshi peke yake uliomletea, watoto wanaugua kwa mengi. Lakini kwamba moshi wa mkaa na wa sigara unaongeza nimonia kwa watoto wadogo, hilo halina ubishi.

Nilivyorudi mchana sikuwa nesi tena, nilikuwa simba jike. Mama jirani kanikuta mlangoni akaniambia, "Shoga, vijana wapo, elfu 20 tu wanatoa kila kitu." Nikasema waite.

Mtoto kaamka. Narudi.

SEHEMU YA 3: SWALI LA MZEE MJUMBE

Vijana walikuja wanne. Yule dada alikuwa katoka. Kitasa cha chumba chake mmoja kashakishika. Ndipo akapita mzee mjumbe wetu wa nyumba kumi, na mwavuli wake, akauliza kuna msiba au kuna harusi.

Nikamweleza, nikilia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakusema nimekosea. Aliuliza tu:

"Mwanangu, hela yake ya mwezi huu umepokea?"

"Nimepokea mzee. Tarehe moja, kanitumia kwenye simu."

"Na leo tarehe ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi siku 18 zilizobaki umeshaziuza. Unataka kumnyang'anya mtu kitu ulichomuuzia?"

Nikamwambia, lakini mzee hatuna mkataba! Akacheka. "Mkataba mnao. Mlichokosa ni karatasi."

Mama zangu, hiyo sentensi iandikeni ukutani. Na msidhani ni hekima ya uzee tu, ndivyo sheria ilivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo ndiyo inatumika Tanzania Bara, inautambua upangaji wa muda mfupi, wa mwaka mmoja kushuka chini, hata kama mlikubaliana kwa mdomo. Na pale ambapo hamkusema mtakaa muda gani, upangaji unahesabiwa kwa kipindi cha kulipa kodi. Analipa kila mwezi? Basi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Kuumaliza, upande wowote unatoa notisi isiyopungua kipindi hicho kimoja, na notisi hiyo iishie siku ya kulipa kodi.

Kwa hiyo hesabu yangu mimi ilikuwa hivi. Nimetoa notisi tarehe 12 Aprili. Haiwezi kuisha tarehe 1 Mei, maana mwezi haujatimia. Tarehe 12 Mei mwezi umetimia, lakini sio siku ya kodi. Siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Juni. Siku 50! Niliona kama miaka 50. Lakini nikitoa notisi tarehe 30 Machi ningekuwa nimemaliza tarehe 1 Mei. Ile "nimvumilie kidogo" ya wiki mbili ilinigharimu mwezi mzima. Ndio maana nawaambia upole wa kumeza meza hauna faida.

Sasa nyie mnaosema "hana mkataba, hana haki", naomba mnijibu. Zile meseji za simu kwamba umepokea elfu 80 kila tarehe moja zinaonyesha nini? Sadaka? Mbele ya baraza, huyo "asiye na mkataba" atatoa simu yake tu, na wewe ndiye utakayeulizwa godoro lake lililolowa ni shilingi ngapi, televisheni yake iliyovunjika ni ya nani, na zile laki tatu anazodai zilikuwa kwenye begi ziko wapi. Utathibitishaje kwamba hazikuwepo? Umeingia chumbani kwake na vijana wanne usiowajua hata majina! Na katika purukushani mmoja akimpiga, hiyo tena sio habari ya kodi, ni jinai, na aliyewaita ni wewe. Wewe mwenye mtoto anayenyonya.

Wanaokushauri hawatakuwepo siku hiyo. Mama jirani atakuwa amefunga mlango anachungulia dirishani.

SEHEMU YA 4: MAMA WA SIKU YA SITA

Hii sikutaka kuiandika. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane, siri ya mgonjwa ni siri, lakini kiini ni kweli.

Alikuja jioni, mvua ya siku mbili, na kichanga cha siku sita. Kajifungua kwa upasuaji. Alikuwa anaishi chumba kwa mwanamke mwenzake, bila karatasi. Alikuwa anadaiwa elfu 60, na kweli alikuwa na maneno mengi, hata mimi alinijibu vibaya pale pale mapokezi. Sisemi alikuwa malaika. Yule mwenye nyumba yake alichoka. Akafuata ushauri huu huu mnaoutoa nyie. Vyombo nje, kitasa kipya.

Mama huyu alibeba begi na ndoo yeye mwenyewe, na mshono wa siku sita, mpaka kwenye kibaraza cha duka. Wakakaa pale tangu saa sita mchana. Alipofika kwetu mshono ulikuwa unatoa maji. Mtoto nilipompima, joto la mwili 35.1. Kichanga anatakiwa awe kati ya 36.5 na 37.5. Hakuwa analia. Watu wanafikiri mtoto asiyelia katulia. Kichanga aliyepoa halii, hanyonyi, analegea, na hapo kuna muda mfupi tu.

Tulimvua nguo mbichi, tukamlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kofia, soksi, tukawafunika wote wawili. Usiku ule nilikuwa napita kila nusu saa na kipimajoto. Saa kumi alfajiri akaanza kunyonya. Wakapona, wote wawili, namshukuru Mungu.

Lakini nilichokiona kwenye uso wa mama yule siku ile ndicho kilichonirudia nilipokuwa nimesimama koridoni na vijana wangu wanne. Nilisahau kwa nusu saa tu, kwa hasira, kwamba nishawahi kumfuta maji ya mvua mtoto aliyetolewa na mwanamke mwenye hasira kama yangu. Na yule mwanamke nina hakika naye alikuwa na sababu zake. Inawezekana na yeye alikuwa na mtoto. Inawezekana shoga zake walimpigia makofi.

Elfu 60, mama zangu.

Kwa hiyo mtu akinijibu "sheria zako peleka huko, mitaani hatuishi kwa sheria", namwambia haya, weka sheria pembeni. Mimi ndiye ninayepokea wodini wanaotolewa nje. Wanawake wanaoishi vyumba vya kushikizwa bila karatasi wengi wao ni vijana, wengine wana mimba, wengine wana watoto. Ni sisi. Kesho baba mwenye nyumba akikupandishia kodi, utakuwa wewe. Ukikubali kwamba asiye na karatasi anaweza kutupwa asubuhi moja, umekubali na wewe utupwe.

SEHEMU YA 5: NA NYIE MNAOSEMA "MVUMILIE"

Msifurahi sana, zamu yenu imefika.

Kuna watu wakisikia neno notisi wanaona ni roho mbaya. "Utamtoaje mwanamke mwenzio?" "Mtajie Mungu, atabadilika." Kwanza, niwaulize: mtoto wangu ndiye alipe huo wema wenu? Mtoto anayevuta moshi wa sigara wa mtu mwingine anapata zaidi nimonia, anapata zaidi maradhi ya masikio, pumu inamsumbua zaidi, na kwa kichanga hatari ya kifo cha ghafla usingizini inaongezeka. Mtoto hawezi kuhama. Hawezi kusema "samahani anti, kavutie nje". Wewe mama ndiye mdomo wake. Mama anayenyamaza ili asionekane mbaya mtaani, kamwachia mtoto abebe aibu yake.

Pili, kumvumilia mtu bila kumwambia ukweli sio wema. Mimi miezi mitatu namchekea yule dada usoni, nikiingia chumbani namsema kwenye simu kwa mume wangu. Angejuaje? Siku namlipukia, kwake ilikuwa kama radi kwenye jua kali. Kumwambia mtu mapema, kwa maneno yanayoeleweka, "hiki sikitaki, na kikiendelea tutaachana tarehe fulani", hiyo ndiyo heshima.

Tatu, kuna mambo ambayo hayangojei notisi yoyote. Akikupiga, akikutishia maisha, akimgusa mtoto wako vibaya, akiiba, usikae kuhesabu tarehe za kodi. Hiyo ni jinai, ni polisi siku hiyo hiyo. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mambo ya mtoto, namba 116 ni ya bure. Na wewe na mtoto mkalale kwingine kwanza, nyumba itadaiwa baadaye.

Lakini umeme, kelele, wageni, vyombo vichafu, kodi kuchelewa, hayo ni madai. Polisi sio kazi yao kukuhamishia mpangaji, msiwape kazi isiyo yao kwa hela ya maji.

SEHEMU YA 6: NILIVYOFANYA, NA WEWE UFANYE

Haya, chukueni kalamu.

Jioni ile yule dada aliporudi, tukakaa uani, mimi, yeye na mzee mjumbe. Vijana nilishawapa elfu 5 ya usumbufu wakaenda zao. Nilianza na lile la hatari kwanza: jiko la mkaa ndani, kuanzia leo, hapana. Sigara ndani, hapana. Akajitetea kwamba akiacha jiko uani mkaa wake unaibwa. Na kumbe ni kweli, na wangu ulishaibwa. Tukakubaliana apike kwenye kibaraza cha nyuma, mkaa afungie kwenye ndoo ndani. Mzee akaandika kwenye daftari lake, wote tukasaini.

Halafu nikampa notisi. Ilikuwa fupi hivi:

"Mimi (jina), mpangaji wa nyumba hii, nakujulisha wewe (jina) kwamba upangaji wako wa chumba kimoja unaolipiwa Sh 80,000 kila mwezi utakoma tarehe 1 Juni. Mpaka siku hiyo utaendelea kutumia chumba, choo, bafu na maji kama kawaida, na utaendelea kulipa kodi na mchango wa umeme. Leo tarehe 12 Aprili." Sahihi yangu, sahihi yake, shahidi mjumbe. Nakala mbili, na moja nikaipiga picha nikamtumia kwenye simu.

Alikasirika? Sana. Wiki mbili hakunisalimia. Siku moja akaingiza tena jiko ndani, nikaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa asubuhi yake, akaitwa, akaonywa. Haikujirudia. Kitanda cha mtoto nikakihamishia chumba cha mbele, uwazi wa chini ya mlango nikauziba kwa kanga kuukuu. Sikukata umeme. Sikugusa kitasa. Sikumsema kwa majirani, ingawa hilo la mwisho lilinishinda mara mbili, nisamehewe.

Katikati ya Mei nikamfuata nikamwambia, ukipata chumba kabla ya tarehe nakurudishia kodi ya siku zilizobaki, usingoje. Akapata. Akahama tarehe 16, nikamrudishia elfu 40. Shoga zangu walinicheka, eti nimemlipa mtu aliyenitesa. Vijana, kitasa kipya, godoro la kulipa na nauli za kwenda barazani zingekuwa shilingi ngapi? Ile elfu 40 ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka ule. Aliondoka bila kuniaga na umeme wa elfu 15 hajalipa mpaka leo. Hatujawa marafiki. Sikuhitaji rafiki, nilihitaji mtoto wangu apumue.

Sasa kwa ufupi, weka akiba:

1. Kusanya ushahidi mapema. Meseji za kodi usifute. Kila ukimwonya, andika tarehe.

2. Mwambie ana kwa ana kwanza, shahidi awepo. Wengi wanabadilika hapo.

3. Asipobadilika, notisi ya maandishi. Isipungue mwezi kwa anayelipa kwa mwezi, iishie siku ya kodi. Akikataa kusaini, mpe mbele ya mjumbe au mtendaji wa mtaa, waandike kwamba kapewa.

4. Kodi ya siku zilizo ndani ya notisi pokea, na andika ni ya mwezi gani. Kodi ya mwezi unaofuata baada ya tarehe ya kutoka usipokee. Ukipokea unajiharibia, atasema mmekubaliana aendelee.

5. Tarehe ikifika hataki kutoka, usimguse. Nenda serikali ya mtaa, halafu Baraza la Kata. Siku hizi Baraza la Kata kwenye haya mambo kazi yake ni kusuluhisha, haliamui tena. Usuluhishi ukishindikana, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, huko ndiko kunatolewa amri. Huna hela ya wakili? Ulizia ofisi ya kata au ya ustawi wa jamii wasaidizi wa kisheria wako wapi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017, watu hao wapo kwa ajili yako.

6. Kama wewe mwenyewe ni mpangaji na umempangisha mtu ndani, hakikisha mwenye nyumba anajua na amekubali. Ukimficha, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kupewa notisi.

7. Na anayekuja baada ya huyu, karatasi! Nusu ukurasa tu. Majina, namba za vitambulisho, kodi kiasi gani na lini, umeme na maji mnagawanaje, wageni mwisho saa ngapi, kupika wapi, sigara ndiyo au hapana, notisi muda gani. Sahihi mbili na shahidi. Atakayekwambia "kwani huniamini?" mjibu, "nakuamini, ndio maana naandika ili tusije tukagombana."

Walioko Zanzibar, Kenya na kwingine, sheria zenu ni nyingine, tarehe zangu msizichukue hivi hivi, ulizeni kwenu. Ila lile la kichanga kwenye kibaraza cha duka halina mpaka wa nchi.

Na wewe dada unayeishi chumba cha kushikizwa, najua unasoma. Huna karatasi lakini una haki zako, tunza meseji zako. Ila na wewe lipa umeme wa watu, toa jiko nje, geti funga. Haki yako ya kukaa mwezi haikupi ruhusa ya kumvutisha moshi mtoto wa mwenzio.

Mama kijana uliyeuliza kule kwenye kundi, kama unasoma hapa: leo usibadilishe kitasa. Chukua karatasi, angalia siku yake ya kodi ni lini, hesabu tarehe. Kama siku ya kodi iko karibu, kila siku unayochelewa inaweza kukuongezea mwezi. Andika leo hii, kesho asubuhi nenda kwa mjumbe. Na usiku huu mtoto akikohoa, mfunue kifua, hesabu pumzi dakika nzima. Chini ya miezi miwili ni 60, miezi 2 hadi 11 ni 50, mwaka hadi mitano ni 40. Zikifika hapo au kuzidi, au kifua kikizama ndani anapovuta pumzi, au hanyonyi, mambo ya mpangaji yaache, mbebe mtoto uje hospitali.

Mimi sasa nalala. Usiku nipo kazini.